Pipa Ambalo Halijafunguliwa

Pampu ya tatu ndani ya mwaka ilikufa Jumanne, na siku hiyohiyo shemeji yangu, mtunza stoo, akanyang'anywa funguo. Meneja alishuku kwamba mafuta mapya ya haidroliki, yanayoendesha presi yetu ya kukunja mabati, yanatolewa nje kisirisiri na mapipa yanajazwa yaliyokwisha kutumika. Shemeji akaambiwa akae nyumbani mpaka mimi, fundi mkuu, niyapime.

Kifaa cha kuhesabu chembe za uchafu nakijua. Kilipoletwa, mafundi wengine walikikwepa. Mimi nilikaa na kitabu chake wiki mbili, kamusi pembeni. Chembe zinazoua pampu hazionekani kwa macho. Kifaa huyapitisha mafuta mbele ya mwanga, huzihesabu, kisha hutoa namba. Namba ikipanda moja tu, chembe zimeongezeka maradufu. Hesabu za namna hiyo nilizisoma madarasa ya jioni, nikiwa tayari baba wa watoto watatu.

Nilianza na presi, ikiwa imeshafungwa pampu nyingine na inanguruma. Nikafungua koki ndogo, nikaacha mafuta ya mwanzo yamwagike, ndipo nikakinga chupa. Kumi na saba. Nikaenda stoo, nikachota kwenye pipa linalotumika. Ishirini na mbili.

Mafuta yaliyozunguka kwenye vyuma miezi kumi ni safi, na mapya ni machafu mara thelathini na mbili? Nikabadilisha chupa, nikarudia. Ishirini na mbili.

Nyumbani nilimkuta shemeji mezani na dada yake, mke wangu.

"Umempima mdogo wangu?" mke wangu akauliza.

"Nimepima mafuta."

"Yanasemaje?"

"Yanasema mambo nisiyoyaelewa."

"Wewe? Mwenye vyeti ukuta mzima?"

"Mwache, dada," shemeji akasema. "Asipoelewa atanifukuzisha mimi, kisha atafute cheti kingine."

"Shemeji, niambie kweli. Uliyagusa yale mapipa?"

"Niliyagusa kwa kitambaa, kupangusa vumbi. Kapime ambalo halijafunguliwa. Au na humo niliingia kama jini?"

Asubuhi nilivunja lakiri ya pipa jipya mbele ya meneja. Ishirini na mbili.

"Mzee, hebu nisaidie," meneja akasema. "Mapya ni machafu?"

"Ndiyo."

"Na ya zamani ni safi?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Sijui."

Nilikuwa sijalitamka neno hilo kiwandani kwa miaka mingi. Meneja akarudi ofisini. Nikabaki nazungukazunguka stoo, mpaka nikajigonga kwenye kitu kilichofunikwa turubai pembeni. Lilikuwa toroli la filta, la kuchujia mafuta kabla ya kuyatia kwenye mashine. Lilipoletwa nilisema kuchuja mafuta mapya ni kufua sabuni, watu wakacheka, likasukumwa huko.

Nikaunganisha mipira yake na lile pipa, nikaliacha lichuje mpaka saa nane mchana. Nikapima. Kumi na sita.

Nikakaa juu ya kreti, nikafuata njia ya mafuta kwa kidole hewani. Yakitoka kwenye tangi hupita kwanza kwenye pampu, na filta ya presi iko mwisho wa safari. Kila tulipoongeza mafuta ya pipa, pampu ilimeza uchafu kwanza, kisha filta ikayasafisha, na koki ikanionyesha mafuta safi. Lakini uchafu uliingiaje kwenye pipa lenye lakiri? Kwenye mabomba ya waliolijaza? Kwenye kuta zake? Niliwaza mpaka kichwa kikauma.

Nilikwenda ofisini, nikamwonyesha meneja namba zote na kumweleza habari ya toroli.

"Nani aliyesema toroli hilo lisitumike?" akauliza.

Hakuna karatasi iliyobaki ya uamuzi ule, na waliocheka siku ile walishahama.

"Mimi," nikasema.

Akafungua droo, akanipa funguo za stoo.

"Mpelekee mwenyewe. Na umweleze."

Nikaondoka nazo mkononi. Bado sijui uchafu ule ulitoka wapi. Nitamwambia shemeji na hilo, lakini la toroli kwanza.