Walivyoziba Jua Wakawasha Lao

Vumbi la mbao halina aibu. Likipata mwanga, linacheza. Lipe tundu moja tu kwenye bati, tundu la msumari lililosahauliwa na fundi mvivu, nalo litapanda, litashuka, litazunguka, litajipaka dhahabu ambayo halikuitolea jasho. Karakana ya seremala imepakana ukuta na chumba changu, na kila saa tano ya asubuhi mshale wa jua huingia kwa pale juu, ukasimama katikati ya sakafu kama mgeni anayengoja kiti.

Siku ile watu wa kupiga video waliuziba.

Walipanda na mablanketi waliyoazima kwetu na maboksi. Wakaziba tundu, wakaziba dirisha, wakaziba hata ule ufa wa mlangoni anaopitia paka. Wakalifukuza jua la bure, jua la Mungu, kisha wakaleta jua la kukodi, lenye waya na mngurumo, wakaliwasha. Halafu wakatutangazia kwamba hapa sasa ni usiku. Saa tano ya asubuhi, jamani! Nje watu wanachagua nyanya, nasi ndani tunaambiwa ni usiku, na tufurahi.

Nikatema mate chini.

Lakini nisijitoe lawamani. Mimi ndiye niliyewajaza watu. Mtaani wananiita Redio Mbao, na jina hilo sikupewa kwa kukaa kimya. Nyumba tupu inanitia homa. Nataka mlango usiofungwa, chai isiyotosha, watu wa kukalia ndoo kwa kukosa viti. Kwa hiyo dairekta wa ile video, bwana mmoja aliyevaa kofia ya sufu kwenye joto la kuyeyusha mshumaa, aliponiambia, "Anti, nataka watu arobaini, wachangamfu," nilimletea hamsini na wawili. Niligonga kila mlango. Njooni, dada yangu anapigwa video! Dada yangu, tumbo moja, mpiga pasi, ndiye anayeimba ule wimbo! Niliyasema hayo kwa mdomo wangu huu.

Na ule wimbo mnaujua, hata kama mnajifanya hamuujui. Muziki wa hausi, ngoma ya miguu minne, haichoki, haigeuki: du, du, du, du. Juu ya ngoma, sauti ya mwanamke. Na katikati ya sauti, kabla ya kila mstari, pumzi. Pumzi ndefu inayovutwa kutoka chini kabisa, kama ndoo inayotoka kisimani, na ukiisikia hujui kwa nini shingo yako imesisimka.

Mimi najua. Dada hupiga nguo pasi ya mkaa, pasi nzito ya chuma ya marehemu mama, na tangu usichana wake huimba akiwa kazini. Akiinua pasi, anavuta pumzi. Akiiteremsha, anaimba. Chuma kikipanda, kifua kinapanda. Chuma kikishuka, sauti inatoka. Mtengeneza muziki alikuja kuchukua mashati yake, akasimama mlangoni, akasahau mashati. Alimrekodi siku tatu baadaye, na pumzi zile hakuzifuta hata moja. "Hizi ukiziondoa," alisema, "umebaki na kinu na mchi."

Mwezi mzima redio iliuimba, na mtaa mzima haukuamini.

"Wewe?" kinyozi wa pale kona alimwambia dada mbele ya wateja, wembe mkononi. "Hiyo ni sauti ya mtu aliyelala kwenye hariri, bibie. Si ya mtu anayenuka mkaa."

Wateja wakacheka. Wakaanza kumwita Bi Redioni. Dada akipita na furushi la nguo kichwani, utasikia, "Bi Redioni, leo unatuimbia au unatupigia pasi?" Naye hakuwahi kujibu ila neno moja: "Subirini video." Aliliweka neno hilo kama mtu aliyeweka heshima yake yote rehani. Hakutaka mapambo wala makofi. Alitaka mtaa wake mwenyewe umwone mdomo wazi, sauti ikitoka, basi, wasimwite mwongo tena.

Gauni la kijani alilipiga pasi mara tatu. Nilikuwapo. Mara ya tatu halikuwa na mkunjo wowote. Alikuwa anaupiga pasi wasiwasi.

Dairekta alimtazama kuanzia kichwani akashuka, akafika miguuni, akarudi juu bila kusimama popote. Macho ya mtu anayepima mlango kama kabati litapita.

"Mama," alimwambia, "wewe simama hapa. Chini ya kamera."

"Mbele yake?"

"Chini yake. Uimbe, huyu akutazame mdomo."

Na huyu alikuwa amekwisha kuketi kwenye boksi, mrembo wa kukodi, mwembamba kama uzi wa kwanza wa sindano, amepakwa mafuta hadi mabega yanang'aa kama sufuria jipya.

Dada akauliza taratibu, kama anauliza bei, "Na mimi ninaonekana lini?"

"Mama, wewe ni sauti," dairekta akasema. "Sauti haionekani."

Nikatema mate chini, seremala akanikaripia, "Redio, hiyo ni sakafu yangu!" Nikamwambia leo si sakafu yako, leo ni disko.

Sikilizeni basi niwaambie hizi video zinavyopikwa, maana anayekula haoni jikoni.

Kwanza, moshi. Lazima uwepo moshi, bila moshi taa yao haionekani ikipita. Mashine yao ya moshi ilikohoa mara mbili ikafa. Wakaangaza macho, wakaona maranda na vumbi la mbao. "Vumbi! Mwaga vumbi mbele ya feni!" Lile vumbi langu, lililokuwa likicheza kwa hiari yake, likachotwa kwa beleshi, likarushwa usoni kwa watu. "Vumbi zaidi!" Watu hamsini na wawili wakawa wanapiga chafya kwa zamu, huku wakiambiwa, "Furahini! Mbona mnafurahi kama mko msibani?"

Pili, watu. Wembamba mbele. Wanene nyuma. Wazee gizani. Fundi cherehani wetu, mwanamke aliyeshona nusu ya magauni yaliyokuwa mle ndani, alisukumwa hatua kwa hatua mpaka mgongo wake ukagusa mbao. Tukapewa bilauri za maji ya rangi, tukaonywa tusinywe. Inueni mikono. Tukainua. Hakuna wimbo, hakuna ngoma, feni tu inavuma, nasi mikono juu kama tumeporwa.

Tatu, na hii ndiyo iliyonikaa kooni, wanapiga picha kwa haraka ili zije kutembea polepole. Nywele zielee, jasho liteleze, kiuno kizunguke kama asali inayomwagika. Lakini mdomo nao lazima ulingane na wimbo. Wanafanyaje? Wanaupiga wimbo mbio, mwendo mara mbili ya kawaida, mrembo anauigiza mbio, halafu picha ikipunguzwa mwendo mdomo unakaa sawa. Werevu, sikatai. Ila wakabonyeza, na sauti ya dada yangu, ile sauti ya kisimani, ikatoka kwenye spika inalia kama kifaranga kilichokanyagwa.

Kwi-kwi-kwi-kwi!

Mtaa ukavunjika mbavu. Kinyozi alikuwa mstari wa mbele, maana ni mwembamba, alijishika tumbo. "Bi Redioni! Kumbe kuku!" Dada naye akacheka, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mkubwa wake. Kisha akafungua mdomo na kuimba kwa mwendo ule wa kichaa, chini ya kamera, shingo ameinua, vumbi likimwingia machoni, akimlisha maneno mwanamke mwingine kama ndege anayelisha kinda la wenyewe.

Kinyaa, ndugu zangu. Si hasira. Hasira ina moto, unaweza kuota. Kinyaa ni utelezi; unaosha mkono na bado unauhisi.

Yule mrembo simlaumu. Macho yalikuwa mekundu, midomo imekauka, na hakuna aliyemkumbuka kwa maji ila dada. Alikunywa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. "Maneno nimeyashika, dada," akasema. "Pumzi inanishinda. Unaivuta wapi? Kila mara nakukuta umeshavuta, mimi nimefunga mdomo."

"Sijui, mdogo wangu," dada akamjibu. "Labda ungekuwa na pasi."

Walirudia mara kumi na moja. Mara kumi na moja sauti ilivuta pumzi na mdomo ulikuwa umefungwa, wazi kabisa, aibu mchana kweupe. Mwishowe dairekta akavua kofia, akajifuta kichwa, akasema, "Haina shida. Kila penye pumzi nitapiga mweupe. Mwanga mtupu juu ya picha. Kwenye hausi mweupe unapita popote, hakuna atakayeuliza."

Wakafunga nyaya zao, wakaondoka na jua lao. Mablanketi waliyaacha yananing'inia. Dada aliokota la kwake, akalikung'uta nje, na kwa kulikung'uta vile nilijua hatalia mbele yangu.

Video ikatoka. Kinyozi ana televisheni juu ya kioo, na Jumamosi ile mchana duka lilikuwa limejaa; wengine walisimama nje, pua kwenye nondo za dirisha, kila mmoja anajitafuta. Nami nilijipenyeza ndani, nikimvuta dada kwa mkono. Hakutaka. Alikuja na pasi yake baridi mkononi, alikuwa ametoka kumwaga majivu.

Tukaona. Mdomo, mwekundu, peke yake. Kitovu. Kisigino. Jicho. Mdomo tena. Yule mrembo mzima hayumo, nawaambieni, hata yeye aliyekodiwa hakuonyeshwa mzima. Alikatwakatwa kama nyama ya fungu, kila kipande kwa pigo lake, du, mguu, du, bega, du, kiuno, du, mdomo. Mtaa wetu ulikuwa vivuli na mikono. Fundi cherehani alikuwa kiwiko. Na kila baada ya muda, mweupe: kioo chote cha televisheni kinawaka, kitupu, kama sahani iliyooshwa.

Dada hakuwamo. Hata kisigino.

"Haya, Bi Redioni!" kinyozi akageuka, mteja wake ana povu nusu ya uso. "Tuonyeshe basi. Wewe ni lipi hapo? Kile kitovu?"

Kicheko kikapanda hadi kwenye bati. Dada akaanza kuuchomoa mkono wake kwenye wangu. Nikaikumbuka ile kofia ya sufu, nikakumbuka neno lake. Penye pumzi, mweupe. Nikahisi mate yamenijaa mdomoni, na kwa mara ya kwanza sikuyatema.

"Kinyozi," nikasema. "Irudishe mwanzo. Na uzime sauti."

"Ili iweje?"

"Wewe zima. Au unaogopa kuku?"

Hapo watu wakaguna, naye hakupenda kuonekana mwoga. Akazima.

Mnajua video iliyonyamazishwa ilivyo? Vipande vya mwili vinakatika kimyakimya, vinakatika, vinakatika. Lakini vinakatika kwa pigo. Ngoma ukiizima masikioni, inabaki machoni. Dada alitazama. Mguu, bega, kiuno, mdomo. Vidole vyake vikaanza kugonga paja, nne, na nne, na nne nyingine. Kisha akafanya jambo ambalo sikumwambia. Aliipa televisheni mgongo. Akatutazama sisi, mtaa wake, sura kwa sura.

Akainua pasi.

Akavuta pumzi, na nyuma yake kioo chote kikawaka kwa ule mweupe.

Akateremsha pasi, akaimba. Sauti ile ile, ya kisimani, bila spika wala moshi. Mstari ukaisha. Pasi ikapanda, kifua kikapanda, na mweupe ukawaka nyuma ya kichwa chake. Tena. Na tena. Hakuuona hata mmoja, alikuwa ameupa mgongo, na hakuukosa hata mmoja. Walikoziba mdomo wa mwenzake, hapo hapo walikuwa wameweka alama ya kifua chake. Mara kumi na tatu nilihesabu. Kumi na tatu pumzi, kumi na tatu mweupe.

Povu lilimkauka mteja shavuni. Alipomaliza, kinyozi alipangusa kile kiti chake cha pili, kiti cha wateja wakubwa, akakisogeza. "Dada," akasema, na hilo jina hakuwahi kumpa, "keti. Hiyo pasi ni nzito."

Hakuketi. Alikuwa na mashati ya watu.

Bado inanitia kinyaa. Inazunguka huko kwingine, kwa watu wasiotujua, nao wanaona mdomo mwekundu na kitovu na mikono ya watu walioporwa, wanasema, ah, dada mrembo, anaimba vizuri. Sina miguu ya kufika kila kona, wala duka la kinyozi halina viti vya dunia nzima. Ikipita kwenye kioo chochote, bado nageuka, nautafuta mchanga wa kutemea.

Ila mweupe ukipiga, nanyamaza. Mimi, Redio Mbao, nanyamaza. Mwanga unamwagika, na ndani yake naliona vumbi la mbao, lile langu, limesimama hewani halijui lishuke au lipande, maana hapo, wenzangu, hapo pasi iko juu, na dada anavuta pumzi.