Kope za Daktari Stroud

Eulalia Menjívar aliweka kidevu kwenye mashine ya kupimia macho, paji la uso likagusa ukanda wa plastiki, Daktari Stroud akamtia rangi ya njano machoni. Unyoya wa kuku ulikuwa bado umenasa kwenye mkono wa sweta lake. Kliniki ilikuwa nyuma ya kiwanda cha kuku, kando ya maegesho ya malori, na kilichomlipa daktari mshahara ni kiwanda. Hilo mji mzima ulilijua, padri akiwemo.

"Pepesa macho. Haya, sasa usipepese mpaka nikwambie," daktari alisema, akawasha taa ya buluu.

Ndivyo wanavyopima. Kwa mtu mwenye macho mazima, utando wa machozi hutulia juu ya jicho, uking'aa rangi ya ndimu. Wa Eulalia ulichanika papo hapo, madoa meusi yakatapakaa. Daktari aliyaona, asiyaone ana nini? Mama wa watu kasimama miaka chini ya mabomba ya dawa ya kuoshea kuku, ile inayowasha mpaka kooni, na jicho la kushoto lilikuwa limeanza kumwonyesha watu kama wako nyuma ya kioo cha bafuni.

"Ni umri, mama," daktari alisema. "Umri na hizi simu."

"Simu gani? Yangu ya kubonyeza."

"Basi umri."

"Andika ni ile dawa, wanihamishie kwenye kufunga maboksi. Nitapofuka, daktari."

Simu ikalia. Alikuwa meneja wa kiwanda. Daktari akatoka kuipokea, wakacheka weee, wakapanga safari ya kuwinda bata. Aliporudi alimwambia Eulalia aende zake. Alisahau kumwambia apepese.

Eulalia hakusahau. Kwa hasira akaona kama ameambiwa asipepese mpaka aambiwe, basi hapepesi. Alirudi kazini macho wazi. Alikula pupusa, mikate yake ya mahindi, macho wazi, alisali macho wazi, alilala macho wazi, mumewe akamfunika uso kwa taulo ili naye apate usingizi. Macho yaliwaka moto, naye akavumilia.

Kesho yake daktari akaanza kupepesa kwa ajili ya watu wawili. Alijitia matone, hayakusaidia kitu.

"Shoga, yule anapepesa zako," Nicolasa, jirani yake wa kwenye laini, alimwambia huku akikata mabawa. "Nimetoka kupimwa sasa hivi. Kaniambia nisipepese, halafu akashikwa na kope zake, hata hakumalizia."

"Mwache. Amezitafuta."

"Na mimi nimpe zangu?"

"Zako unamwekea nani?"

Ikawa kila anayekwenda kupimwa anarudi macho wazi. Wanawake walijipanga kwenye laini na mabuti yao ya mpira, dawa ikiwarukia, kimya, hakuna ukope uliotikisika. Msimamizi alilalamika kuwa wanamkodolea, akawa anapita mlango wa nyuma. Padri aliomba kwenye misa wajaribu kutazama dari.

Daktari Stroud alipepesa za wote. Kope zilimwenda mbio mpaka karatasi zikapeperuka mezani, na Darlene, karani wake, akawa anazikandamizia kikombe. Machozi yalimchuruzika usiku na mchana. Mkewe alimlisha kwa kijiko. Bunduki ya bata aliiuza. Eulalia akasikia hayo yote dukani, akafurahi, tena sana, wala hakuficha.

Siku jicho lake la kushoto lilipozimika kabisa, alirudi kliniki. Daktari alikuwa amekaa kwenye kiti, kola imelowa.

"Nani?"

"Eulalia."

Daktari akageukia sauti. "Pepesa, mama. Haya, nimekwambia. Nakuomba, pepesa, uwaambie na wenzako."

"Andika kwanza."

"Wakiniondoa hapa nitakwenda wapi, na macho haya?"

"Jicho langu moja limekwenda, Stroud. Hili la pili ndilo ninalolipigania. Andika ni dawa, napepesa hapa hapa."

Darlene alikuwa amesimama mlangoni. Daktari alijifuta mashavu kwa mkono wa koti. Alipapasa meza mpaka akaipata kalamu, akamwita Darlene amwekee kidole mahali pa kuandikia. Akaandika taratibu, herufi zikipishana, chozi likidondokea wino. Aliandika: umri.

Eulalia aliisoma karatasi kwa jicho la kulia, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Sawa, baba," alisema. "Kesho nakuletea zamu ya usiku. Wale hujawapima."

Akavaa kofia yake ya wavu, akavuka maegesho, akarudi kusimama chini ya bomba.