Sifuri ya Muhanna

Watu wanaoniletea vifaa vyao vya GPS huja na neno moja: kimeharibika. Hakijaharibika. Katika miaka kumi na sita ya duka langu hapa Mabela nimeona vifaa vilivyoharibika kweli visivyozidi vinne, na kimoja katika hivyo kilikanyagwa na ngamia. Vilivyobaki vyote vilikuwa vizima. Aliyekosea ni mwenyewe, na mwenyewe hataki kulisikia hilo hata umuapie.

Kazi yangu ni kuwapangia safari wasaka makopo. Mchezo wenyewe si mgumu: mtu huficha kopo mlimani au jangwani, ndani yake akatia daftari na vitu vidogo vidogo, kisha akawapa wenzake namba za mahali pale. Anayelifikia anasaini daftari. Akichukua kitu, anaacha kitu. Basi. Lakini namba hizo ndizo zinazowatoa watu jasho. Huyu kachanganya dakika na desimali, yule kapanga njia ya gari dogo kwenye mawe, wa tatu ananipigia simu analia, "Bi Thuwaiba, kinaniambia nende mbele na mbele genge, shimo tupu!" Nami namjibu, "Basi usende. Kifaa hakina macho, wewe unayo." Ukutani nimebandika karatasi: Kuuliza si ujinga. Herufi kubwa, za Kiarabu na za Kizungu, na bado hawaulizi.

Raya aliingia Jumatano asubuhi, msichana wa miaka kumi na tisa hivi, kashika kifaa cha manjano cha zamani kilichofungwa mpira ili betri zisidondoke.

"Shangazi, kimeharibika."

"Hakijaharibika. Lete."

"Hata hujakitazama!"

"Sina haja. Ulitaka kwenda wapi, na kimekupeleka wapi?"

Akakaa. Kifaa kilikuwa cha babake, aliyefariki mwezi wa kumi. Ndani mlikuwa na alama moja tu iliyohifadhiwa, juu milimani, upande wa Misfa. Ramani za kifaa zilikuwa za kale, kwa hivyo yeye alizinakili zile namba kwenye simu, na simu ikampeleka kwenye zizi la mbuzi.

"Mwenyewe katoka na bakora," alisema. "Kaniuliza, nani kakutuma? Nikamwambia, setilaiti. Ndio kwanza akazidi kukasirika."

Nilicheka, nikavaa miwani. "Haya nambie. Saa moja ina dakika ngapi?"

"Sitini."

"Na digrii moja pia ina dakika sitini, si mia. Wewe umezichukua dakika ukazibandika nyuma ya nukta kama baisa, hizi senti za rial. Ndiyo maana umekwenda kando karibu kilomita kumi na tano. Hicho Chuo Kikuu kinakufundisheni nini?"

"Famasia."

"Mungu awasaidie wagonjwa."

Akacheka kidogo, kisha uso ukarudi palepale. "Shangazi, mimi sisaki makopo. Kila mwaka, Ijumaa ya kwanza ya Disemba, baba alikuwa akipanda huko peke yake. Hamchukui mtu. Ukimuuliza, anasema nakwenda kunyoosha miguu. Sasa mama yuko eda, hatoki. Kaniambia, nenda kaniangalizie kuna nini."

"Yeye anadhani kuna nini?"

"Anadhani kuna mke." Alilisema akitazama kucha zake. "Halali usingizi. Miaka ishirini kakaa naye vizuri, halafu sasa ndio kila siku ananiuliza mimi."

Nikasema ngoja tuone, nikaanza kuziingiza namba upya, kwa mfumo wake unaostahili. Upande wa kaskazini, digrii ishirini na tatu, dakika kumi nukta nne mbili saba. Upande wa mashariki, hamsini na saba, dakika kumi na nane nukta tatu tano tisa.

Vidole vikasimama. Kumi na nane nukta tatu tano tisa ni namba niliyoijua kwa moyo kwa miaka ishirini na moja. Ningeweza kuisema usingizini.

"Baba yako nani?" niliuliza, na jawabu nilikuwa nalo tayari.

"Muhanna bin Saif."

Nilimwambia nitakwenda naye Ijumaa, kwamba njia ile si ya mtu asiyeizoea. Alifurahi sana, akanibusu kichwani. Alipotoka nilifunga mlango wa duka kwa ndani na sikumfungulia mtu mpaka alasiri.

Mwaka wa elfu mbili na nne nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nitoke Unguja kuja huku Uarabuni. Mjomba alinipatia kazi kwenye ofisi ya safari, nachora njia kwenye kompyuta. Wenzangu waliniita Zinjibaria, yaani Mzanzibari, wakiniigiza Kiarabu changu mpaka kikanikaa kooni. Muhanna peke yake hakuniigiza. Yeye alikuwa mwongoza misafara, mtoto wa watu wa Hamra, mpole, na ndiye aliyenifundisha mchezo huu, wakati nchi nzima haina makopo hata kumi. Nilimpenda. Siwezi kulisema kwa njia nyingine. Nilimpenda hata mlio wa gari lake nikiusikia nje nilikuwa nafuta na kuandika upya mstari uleule.

Siku moja alinipa kitabu cha njia, na ndani yake kijikaratasi. "Nimeficha kopo," alisema, bila kunitazama. "Hili silitangazi, ni lako. Ukilifikia Ijumaa hii, saini, na nitatuma wazee kwa mjomba wako. Usiposaini nitaelewa. Sitakuuliza tena, na wewe usijisumbue kunieleza."

Ijumaa ile kakangu Nassor alinipeleka kwa gari la mjomba. Kifaa kikatutoa barabarani, kikatupitisha kwenye changarawe nyuma ya Bahla, kikasema mmefika. Tulikuwa jaani. Matairi yaliyochanika, magodoro, punda aliyekufa. Nilitafuta saa tatu juani, nikigeuza mawe na makopo yenye kutu, mikono inanuka. Nassor alikuwa kaegemea gari.

"Dada, kakuchezea shere huyo."

"Nyamaza."

"Mtoto wa Hamra ampose Mswahili? Kakutuma jaani, nawe umekwenda. Wenzake sahizi wanashika mbavu."

Nilimwamini Nassor. Hapo ndipo panaponiuma, kwamba nilimwamini Nassor, mtu ambaye hata saa ya ukutani hajui kuirekebisha. Jumamosi Muhanna alinitazama alipoingia ofisini, na mimi nikatazama ukuta. Hakuniuliza. Sikumwuliza. Mwaka haukuisha akahamia Sohar, akaoa binti ami yake. Waliokuja kuniposa mimi niliwakatalia mpaka wakachoka kuja.

Kile kijikaratasi sikukitupa, na wala sikukifungua tena. Nani anayekaa kuisoma tena karatasi ya tusi lake? Kilikuwa ndani ya boksi la kifaa changu cha kwanza, chini ya nyaya. Jumatano ile nilikitoa, nikakiweka chini ya lenzi ninayotazamia saketi.

Sifuri ya Kiarabu ni nukta. Mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo, na mimi nililijua tangu sijang'oka meno ya utotoni. Kurasa za msahafu zimejaa nukta hizo. Lakini ofisini nilikuwa nashinda kutwa na tarakimu za Kizungu, na huko nukta ni alama ya desimali. Muhanna aliandika kwa mkono wake moja, kisha nukta, kisha mkato mdogo uliofifia palepale karatasi ilipokunjwa, kisha nne mbili saba. Ile ilikuwa kumi. Kumi na mkato wake. Mimi nilisoma moja nukta nne mbili saba, na ule mkato nikauona ni uchafu wa kunjo. Dakika moja badala ya kumi. Kilomita kumi na saba. Na kifaa hakikulalamika, kwa nini kilalamike, namba ilikuwa imetimia.

Miaka kumi na sita nawatukana watu kwa makosa madogo kuliko hili. Nililia juu ya meza yangu ya kazi, nimeshika lenzi.

Ijumaa Raya aliendesha mpaka gari lilipokataa, tukaendelea kwa miguu. Baridi ya Disemba ilikuwa inauma masikio. Yeye alikuwa mbele na kifaa cha babake, mimi nyuma nikihema, namsikia anahesabu kwa sauti: mita sitini, mita arobaini. Kwenye mita nane kifaa kikaanza kuzungukazunguka, kama kawaida yao.

"Zima," nilimwambia. "Sasa tumia macho. Mtu angeficha wapi?"

Chini ya mzeituni wa porini palikuwa na mawe matatu yaliyopangwa, juu yamelainika kwa kushikwa. Raya akayaondoa. Ndani, kopo kubwa la maziwa ya unga, mfuniko umezungushiwa utepe mpya juu ya utepe wa zamani.

Juu kabisa mlikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kanga. Doti nzima, haijakatwa, nyekundu na nyeupe. Muhanna hakujua neno moja la Kiswahili zaidi ya "pole pole". Nilimuona kabisa mbele ya muuzaji, anachagua kwa rangi, hataki kuuliza imeandikwa nini.

"Hii nguo ya kwenu," alisema Raya. "Imeandikwa nini?"

Niliikunjua. "Imeandikwa, umbea hauna posho."

"Maana yake?"

"Maana yake wasengenyaji hawalipwi mshahara."

"Baba kaja kuficha hii mlimani?" Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Mwanamume anaposa kwa umbea hauna posho! Ningemtania kwa hilo maisha yetu yote. Ningeivaa kila alipoleta wageni. Hapo kicheko kikanigeuka mdomoni, nikakaa chini kwenye jiwe.

Raya alikuwa amekwisha fungua daftari. Akasoma kwa sauti, pole pole, kama anasoma cheti cha dawa.

"Disemba, tatu, elfu mbili na nne. Nimeliweka leo. Baridi." Akageuza. "Kumi Disemba, jioni. Nimekuja kutazama. Hakufika. Nimeelewa." Akageuza. "Elfu mbili na tano. Nimeoa. Nimekuja kulitoa kopo, nimelirudisha." Sauti ikamshuka. "Elfu mbili na sita. Tumepata binti, tumemwita Raya. Amefanana na mama yake, namshukuru Mungu. Hakufika."

Baada ya hapo mlikuwa na tarehe na saini tu, mwaka baada ya mwaka, na neno lile moja. Karibu na mwisho akasimama, akasoma kimya kwanza, ndipo akasoma kwa sauti.

"Leo nimewaza jambo. Je, kama hakuwahi kuliona? Kama ni mwandiko wangu? Ningemuuliza siku ileile. Nilijifunga mdomo mwenyewe kwa neno langu, na sasa ni mke wa watu huenda, kumuuliza ni aibu."

Kisha la mwaka jana: "Kifua kinabana nikipanda. Hakufika."

Raya akalifunga daftari, akaliweka mapajani. Upepo ulikuwa unapiga ule mfuko wa plastiki. Hakuniuliza ni nani huyo asiyefika. Alinitazama mimi, akaitazama kanga mikononi mwangu niliyoikamata kwa nguvu, akanitazama tena, na nikaona anajua.

Alitoa penseli ndani ya kopo, akaninyooshea.

"Anayefika anasaini," alisema. "Si ndivyo?"

Niliandika, nimefika. Nikaandika jina langu lote na la baba yangu, na tarehe kwa tarakimu za Kiarabu, na ile sifuri ya elfu mbili nikaikoleza mpaka penseli ikatoboa ukurasa. Kanga nikaichukua, na mahali pake nikaacha kile kijikaratasi.

Tulirudishia mawe. Raya alikuwa anafuta uso kwa ncha ya shela yake.

"Mama nitamwambia nini?"

"Mwambie hakuna mke."

"Ataniuliza, basi kuna nani?"

"Mwambie hapakuwa na mtu," nilisema. "Kila mwaka alipanda, na kila mwaka hapakuwa na mtu. Muapie kabisa, maana ni kweli."