Majeraha Sifuri

Bango la maswali ya kichwa niliandika mimi, kwa mkono wangu na kwa kalamu tatu za rangi. Nasema mapema ili mtu asije akamsingizia Bruce wala Perezida. Bruce ni kocha, kazi yake ni kupuliza filimbi na kupaza sauti. Perezida ni Mutabazi, na anaitwa hivyo kwa sababu Kigali kila anayeongoza watu zaidi ya watano, wawe wa raga au wa kufuga nyuki, ni Perezida. Mimi ni Gahongayire, nesi. Nilizaliwa Ngara, nikasomea unesi huko huko Tanzania, na jioni nikitoka zahanati nilikuwa mwenye dhamana ya usalama wa wasichana ishirini na wawili wa timu yetu ya raga ya Gisozi, wote chini ya miaka kumi na minane.

Mwaka uliotangulia tuliwaacha wasichana hao wakae nyumbani likizo yote ndefu, Julai na Agosti, wakila chapati na kutazama simu. Septemba tukawatoa kwenye kochi tukawatia uwanjani moja kwa moja. Mechi ya kwanza tu, mmoja alivunjika mfupa wa bega, wawili wakatolewa wanachechemea. Mwaka huu Perezida akaapa kwamba yaliyopita hayatarudi. Na Mutabazi akiapa, haapi kwa mdomo tu. Yeye ni mtu wa ofisi, alikulia Mbarara, akarudi nchini na suti mbili na bidii ya watu kumi. Ofisini kwake hakuna kinachofanyika bila imihigo, yaani ahadi zinazoandikwa kwa namba, zikatiwa sahihi mbele ya watu, kisha mwisho wa muda uliowekwa ukapimwa nazo na kupangwa nafasi. Basi na sisi tukaandikiwa imihigo.

Tulisaini mbele ya wazazi, Jumapili baada ya ibada. Ahadi ya kwanza ilisema kwa wiki tatu hakuna kugusana, ni mbio na kunyoosha viungo tu. Nyingine ilisema kila mchezaji ajifunze kuanguka kabla ya kujifunza kuangusha, na kwa hilo fundi mmoja wa makochi wa pale Agakiriro, soko la mafundi, alitupa mabaki ya sponji gunia nne. Kulikuwa na ahadi ya maji ya kunywa, na ya kupumzika siku mbili kwa wiki. Yote mazuri, hata leo sina neno. Chini kabisa, kwa herufi nene, Perezida alikuwa ameandika: Majeraha, 0.

Siku hiyo alikuja Xavérine, mama yake Christella, mchezaji wetu namba saba. Anauza ndagala, yaani dagaa, sokoni Nyabugogo, alikulia Bujumbura, na Kiswahili chake kinakwenda mbio hata mimi wa Ngara nakifukuzia. Aliitazama ile karatasi hakuisoma, akanitazama mimi.

"Huu muchezo mi siuelewi," akasema. "Naona watoto wanagongana tu. Mi niko na huyu moja, Nesi. Hao wengine wasaini vile wanataka. Mi naamini weye."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo kwa sauti ya kizahanati, ile inayonyamazisha watu.

Sasa, ahadi ya tano. Asilimia mia ya wachezaji wajue maswali ya kichwa. Mtu akigongwa kichwa uwanjani, humsimamishi tu ukamwuliza uko sawa, kwa sababu atasema yuko sawa hata kama haoni mbele. Unamtajia maneno matano, unazungumza mambo mengine kidogo, kisha unamwomba ayarudishe. Unamwambia ataje miezi ya mwaka kuanzia Desemba kurudi nyuma. Ubongo uliotikiswa hukwama hapo. Ni kipimo cha maana sana, na mimi kwa kutaka kuelimisha nikakiandika chote kwenye bango, pamoja na yale maneno matano: ndimu, dirisha, ndoo, kamba, sukari. Tukalibandika ukutani kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Bruce akaona wasichana wanasahau. Ni kweli, wiki ya kwanza waliojua ni asilimia sitini tu, na Perezida alinuna. Basi kila jioni baada ya mbio Bruce akawasimamisha kwa duara wakaimba: ndimu, dirisha, ndoo, kamba, sukari! Kisha Desemba, Novemba, Oktoba, huku wanapiga makofi. Hawa ni watoto waliofaulu mitihani ya taifa kwa kukariri, ukiwapa orodha ya vijiji vya mwezini wataikariri. Wiki ya tatu tukafika themanini na tano. Wiki ya tano, mia. Perezida akatupiga picha mbele ya bango, akairusha kwenye grupu, watu wakatupongeza kwa vidole gumba visivyohesabika. Na mimi, nesi wa miaka kumi na tisa kazini, nilisimama katikati ya picha ile nikicheka meno yote nje.

Kuhusu ile sifuri, tuliitunza sana. Pretty alipoumia kifundo cha mguu, kikavimba mpaka kiatu hakiingii, Perezida alinivuta pembeni.

"Madamu, hii ni jeraha ao ni uchovu?"

"Ni msuli umechanika kidogo."

"Kidogo," akasema, kama mtu aliyepewa zawadi. "Basi si jeraha, rwose." Rwose yao ni kabisa yetu.

Nikaandika: uchovu wa kifundo. Wiki iliyofuata tukawa na uchovu wa kidole, kilichotoka kwenye kiungo chake nikakirudisha mwenyewe. Nilijiambia kwamba mtoto ametibiwa, amepumzishwa, neno lina kazi gani? Kila baada ya mazoezi niliandika sifuri na kusaini. Timu ya mlima wa pili, tunayoshindana nayo, pia ilikuwa inaandika sifuri, kwa hiyo hatungeweza kuwa wa kwanza kuandika moja.

Ikaja Alhamisi ya wiki ya nane. Zilibaki siku mbili tu kabla ya mechi ya tathmini, ambapo wakaguzi wa chama cha raga wangepima imihigo yetu na ya timu nyingine, na sasa wasichana walikuwa wanacheza kweli, kukabana na kuangushana katika vumbi jekundu la Agosti. Christella alimfuata Gwiza ili amwangushe, msichana mwenye mapaja ya mwendesha baiskeli. Alipaswa kuweka kichwa nyuma ya mwenzake, kama tulivyofundisha kwenye sponji wiki nzima. Akakiweka mbele. Goti la Gwiza likampata juu ya sikio, akaanguka, akalala kimya kwa muda wa kuhesabu moja mpaka sita. Halafu akainuka mwenyewe, anajipangusa vumbi.

Nilikimbia. Nikamkalisha, nikapiga magoti mbele yake.

"Christella, nitakutajia maneno matano..."

"Ndimu, dirisha, ndoo, kamba, sukari," akasema kabla sijaanza kutaja.

Wenzake wakapiga makofi. Nikamwomba miezi, akaishusha kutoka Desemba mpaka Januari kwa kasi ambayo hata mimi mwenye kichwa kizima nisingeiweza. Nikamwuliza leo siku gani, akasema Alhamisi. Alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lile lilielekea pembeni yangu kidogo, kwenye bega langu la kushoto, ambako hapakuwa na mtu. Nililiona. Sitasema sikuliona.

"Sister, iko fiti?" Bruce akauliza, filimbi imeshafika mdomoni.

Nikamtazama mtoto. Nikaitazama karatasi yangu, wiki saba za sifuri zimesimama moja juu ya nyingine. Alikuwa amepata mia kwa mia, ningemtoa kwa kosa gani?

"Iko fiti," nikasema. Akarudi kucheza, na mimi nikaandika sifuri ya Alhamisi.

Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo asubuhi tulikuwa wote kwenye umuganda, tukifyeka na kuzibua mitaro ya kata. Saa saba mchana wageni watatu wa tathmini wakafika uwanjani na mafaili yao, wakakaa chini ya turubai wakapewa fanta. Perezida alikuwa amevaa ile suti ya pili. Wasichana walikuwa wanafunga viatu, na mimi nilipita katikati yao nikiwa na chupa za maji, nikazungumza na huyu na yule. Kwa Christella nilisimama kwa sababu alikuwa amekishika kiatu tu, hakivai.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Nataka nipite kwake Jumatatu. Siku hizi anauza nini?"

Nilitaka kusikia kama ndagala mbichi zimeanza kupatikana. Hilo tu. Christella alifikiri. Midomo yake ilicheza kidogo, kama mtu anayetafuta ukurasa.

"Ndimu," akasema.

Nikacheka, nikidhani ni utani wa kibango. Hakucheka.

"Ndimu, na nini tena?"

"Dirisha," akasema Christella, akaninyooshea uso kama mwanafunzi anayesubiri alama.

Niliweka chupa za maji chini. Niliogopa, tena niliogopa kama mwizi. Nikamvua fulana namba saba, nikampa Bruce, nikamwambia huyu hachezi na awashe gari. Kisha nikaenda kwenye turubai nikamwomba Perezida tuzungumze. Akatoka huku akigeuza kichwa kuwatabasamia wageni.

"Leo, madamu? Leo rwose?"

"Amegongwa kichwa. Anakwenda hospitali."

"Amegongwa lini? Mechi haijaanza."

"Alhamisi."

Akafungua faili lake, akaniwekea kidole. "Alhamisi uliandika zero. Sahihi yako iko hapa. Ukisema leo ni moja, unasema ile ilikuwa uongo."

"Ilikuwa uongo."

Mutabazi si mtu mbaya. Mke wake akiumwa kichwa, yeye ndiye humeza dawa kwanza aone kama inafaa. Nilimwona jinsi alivyoteseka pale, akitafuta mlango wa kutokea, na akaupata.

"Sasa, andika uchovu," akanong'ona. "Uchovu wa kichwa."

Nikamnyang'anya kalamu. Nikaikata ile sifuri ya Alhamisi mistari miwili, nikaandika moja, nikaandika jeraha la kichwa, nikaandika kosa ni la nesi. Nikakata na ya kifundo, na ya kidole, maana nilikuwa nimeshaanza. Mmoja wa wageni aliinua shingo kutoka kwenye fanta yake ili aone vizuri.

Hospitali walimpiga Christella picha ya kichwa. Daktari alitoka baada ya saa mbili. Hakuna damu iliyovujia ndani, akasema, ila ubongo umetikisika vibaya, na ulipaswa kupumzishwa tangu siku ya kwanza. Mwezi mzima bila raga, wiki mbili bila darasa wala simu, kisha aonekane tena. Nikamwuliza ingekuwaje kama angecheza leo.

"Angegongwa mara ya pili?" Akaitazama sare yangu ya unesi, ambayo niliivaa kwa ajili ya wageni. "Hilo unalijua mwenyewe."

Nilikuwa kwenye benchi la kusubiria simu ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa Perezida. Wageni walikuwa wamependezwa. Walisema hawajaona timu inayogundua jeraha la kichwa kabla ya mechi kuanza, tena na kuliandika waziwazi, na wametupa alama tisini na mbili, nafasi ya kwanza. Hongera sana Nesi, alimalizia, na vidole gumba vitatu.

Xavérine alinikuta nausoma mara ya pili. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka Nyabugogo, kitenge cha kazi bado kiunoni, ananuka ndagala. Nilisimama nipokee ninachostahili. Yeye akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nesi, unisamehe," akasema.

Sikumwelewa.

"Alhamisi alirudi kichwa kinamuuma. Alitapika chakula yote. Nikamwambia vaa viatu, twende hospitali. Akakataa. Akasema, Nesi amenipima, nimepata mia juu ya mia. Mi nikabisha, dada. Nikasema huyo nesi ameona nini na macho yake? Nilikutukana ndani ya nyumba yangu, Mungu ananisikia. Halafu nikajiambia, Xavérine, weye muuza ndagala unajua nini kushinda mutu alisoma? Nikanyamaza, nikamulaza. Na leo ni weye umemuokoa. Unisamehe vile nilikuwaza vibaya."

Ningeweza kupokea. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mikono yake, na maneno ya kumjibu yapo, ninayatumia kila siku pale zahanati: usijali mama, ndiyo kazi yetu. Yalinifika mpaka kwenye ulimi.

"Uliniwaza sawasawa," nikamwambia. "Alhamisi nilimwona macho yake hayako sawa. Nikamrudisha uwanjani. Niliandika kwamba hakuumia."

"Kwa nini?"

Nilitafuta sababu ambayo mtu angeweza kumwambia mama wa mtoto mmoja. Haikuwapo.

"Tulikuwa tumeahidi sifuri," nikasema.

Mikono ya Xavérine iliniachia, kwanza mmoja, halafu mwingine. Akanitazama kama alivyonitazama siku ile ya kusaini, ila sasa alikuwa anasoma.

"Basi mi nilijua," akasema taratibu. "Mi mwenyewe nilijua, usiku ule nilijua. Nikaacha kujiamini mi, nikaamini weye."

Akafungua mlango, akaingia kwa mwanawe, na nilimsikia ndani akimwuliza kwa Kirundi jina la baba yake, na la mtaa wao, na mama yake anauza nini sokoni.