Fungu la Milembe

Mume wangu Masunga alijua kugawa. Sisemi kwa kejeli, ingawa mdomo wangu watu wa Zagayu wanaujua. Akitoka mnadani na sukari, alituita wake zake wawili, mimi na Nyanjige, akaketi uwanjani akapima kwa kikombe kimoja, mimi naona na mwenzangu anaona. Chumvi hivyo hivyo. Nyama hivyo hivyo, mpaka mifupa. Masunga alipomwoa Nyanjige, mke wa pili, baba yangu alikuja akamwambia mbele ya watu kwamba chochote kitakachoingia katika kaya hii kigawanywe sawa, la sivyo atanichukua, na ng'ombe wa mahari harudishi hata mkia. Masunga akaapa. Wanawake wa jirani walinionea wivu kwa hilo, na mimi nilijidai.

Soko huria lilikuwa limeshatufikia. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja kila mmoja na mzani wake, na mjini Bariadi yakafunguliwa maduka ya dawa ambayo hatukuwahi kuyaona. Zahanati yetu ndiyo ilibaki na bandeji na kabati tupu. Dawa sasa zilikuwa zinauzwa hata mnadani, zimetandazwa kwenye turubai pamoja na sabuni na viberiti, na muuzaji hakuulizi nani anaumwa wala anaumwa nini.

Tulikuwa tunachuma pamba, asubuhi zile za baridi na vumbi, Milembe alipoanza kukohoa. Huyo ndiye mtoto wangu pekee, niliyempata wakati ndugu wa mume walishaacha hata kuniuliza. Ndiyo kwanza alikuwa anang'oka meno ya utotoni. Nikanunua Septrini mnadani, nikawa nampa nusu kidonge leo, nusu kesho, kama nilivyoona wengine wanafanya. Haikusaidia kitu. Alipoanza kupumua mbavu zinaingia ndani, nikambeba mgongoni mpaka zahanati.

Mganga wetu, Athanasi, alikuwa mpole, ila alipenda kueleza. Alimfunua kifua, akamtazama anavyohema, akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, hiki ni kichomi."

"Mbona nimempa Septrini?" nikamjibu kwa hasira, maana nilikuwa nimechoka.

"Dawa za kuua vijidudu zina jamii zake," akasema. "Septrini inawanyima chakula. Hawa wa Milembe labda wameizoea, au ulimpa kidogo. Tetrasaiklini, ile mnayochoma ng'ombe, inawazuia kuzaana, lakini mtoto wa umri huu inamharibu meno na mifupa, usimpe hata ukipewa bure. Kloramfenikoli ina nguvu, homa ya matumbo tunaitibu kwa hiyo, ila kuna mtu mmoja mmoja inamkausha damu. Mimi nataka jamii ya penisilini. Hiyo inabomoa ukuta wa kijidudu, kinapasuka."

"Basi mchome sindano."

"Zimeisha. Mwambie Masunga akanunue amoksilini mjini, vidonge vya rangi mbili. Na amalize zote. Hata ukimwona anacheka na kukimbia, amalize zote."

Masunga hakubisha. Alichukua baiskeli siku ile ile, na alasiri akarudi na pakiti ya karatasi, uso umejaa vumbi. Alisema ndizo zilizokuwa zimebaki dukani, alikomba zote. Nikanyoosha mkono. Yeye akapita, akaketi uwanjani, akatandaza kitambaa, akamwita Nyanjige.

Josia, mtoto wa Nyanjige, alikuwa ameanza kukohoa tangu jana yake, makamasi yanachuruzika, mwili wa moto.

"Baba Milembe," nikasema, "hizo Athanasi amesema ni za Milembe. Zote."

"Na huyu je? Si anakohoa naye?"

"Huyu hata mganga hajamwona."

"Nikimpa mmoja, mwingine akafa, nitasema nini mbele ya baba yako? Nitasema nini mbele ya mama yake?" Akamwaga vidonge kwenye kitambaa. "Wote wanangu."

Nilimtazama Nyanjige, nikitaka aseme hapana. Aliinamisha kichwa tu. Hakuwa ameomba, wacha niseme ukweli wake. Lakini mwanamke gani atakataa dawa ya mwanawe mbele ya baba yake? Hata mimi nisingekataa. Masunga akagawa, kimoja huku, kimoja huku, mpaka pakiti ikaisha. Mafungu yakawa sawasawa.

Nikachukua langu. Nilikuwa nafungua kidonge, namwaga unga kwenye uji, naye Milembe anafinya uso lakini anakunywa. Na akapata nafuu, jamani. Mbavu zikatulia. Akaomba matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, akala akiwa amekaa mlangoni, akanionyesha pengo lake jipya. Josia naye alikuwa ameshapona hata kabla yake, anafukuza kuku. Nilifurahi mpaka nikamwambia Masunga kwamba amefanya vizuri. Akacheka, akasema hata mimi leo nimemsifu, kesho mvua itanyesha.

Fungu langu nilimpa lote, sikubakiza. Lilipokwisha, Milembe alikuwa bado anakohoa kidogo. Nikajipa moyo. Kisha homa ikarudi, na safari hii ilirudi na ubaya. Midomo ikabadilika rangi. Masunga akarukia baiskeli bila kuvaa viatu.

Kwa Nyanjige sikwenda. Nilijua za Josia nazo zimekwisha, si zilikuwa sawa na zangu. Nyumba yake ilikuwa pale, ng'ambo ya uwanja, namsikia anatwanga. Yeye mwenyewe alikuja mara mbili, akaleta maji, akashika miguu ya Milembe, akalia. Wala sikumuuliza kitu.

Mjini Masunga aliambiwa mzigo haujafika, ajaribu Maswa. Akaenda Maswa. Milembe aliniuliza kama baba amefika, nikamwambia yuko njiani. Akauliza tena. Jua lilikuwa utosini alipoacha kuuliza. Masunga alifika na dawa mkononi, akawakuta wanawake wamejaa uwanjani, akaiangusha baiskeli hapo hapo. Mwanangu yule nilimpenda kuliko macho yangu, na sijaona bado cha kuniziba pale alipotoka.

Athanasi alikuja msibani. Masunga akamweleza yote, jinsi alivyogawa, akangoja aambiwe kwamba hakukosea. Athanasi akasema taratibu kwamba dawa nusu inaua vijidudu dhaifu, wale wagumu wanabaki, na dawa ikikatika wanarudi kuzaana upya.

"Na Josia?" Masunga akauliza. "Mbona yeye imemponya nusu hiyo hiyo?"

"Kwa mnavyoniambia, Josia alikuwa na mafua. Mafua hayasikii dawa hizi. Angepona hata kwa uji."

Siku ile nzima watu wakimpa mkono Masunga, anaupokea tu.

Tulipomaliza matanga na watu wakaondoka, nilikuwa ndani kwangu kwenye mkeka wa Milembe. Nyanjige akaingia. Alipiga magoti, akashika fundo la pembe ya khanga yake, lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno. Vidonge vya rangi mbili vikadondoka mkekani. Vilikuwa vingi.

"Dada," akasema, "Josia alipoanza kucheza niliacha kumpa. Nikasema nitunze, siku nyingine akiumwa zipo. Dawa zenyewe hazipatikani. Nilidhani na wewe una zako, baba yao amefuata za sindano tu." Akajifuta machozi. "Juzi Athanasi alivyosema ndiyo nikajua zako zilikatika. Naapa sikujua, dada. Ungeniuliza ningekupa."

Nilitaka kumpiga. Mkono niliunyanyua kabisa. Lakini alikuwa amefumba macho anangoja, hakujikinga, nikaushusha. Nilivitazama vile vidonge nikafikiria uwanja wetu ulivyo mdogo, kuku anauvuka kabla hujamaliza kumwita. Nikalia kwa sauti ambayo hata makaburini sikuitoa.

Masunga akasikia, akaja mbio. Alisimama mlangoni akatazama mkekani, akatutazama, akaelewa. Akaketi chini kama alivyozoea kuketi, mimi upande huu, Nyanjige upande ule. Mkono wake ukaenda wenyewe, ukaweka kimoja huku na kimoja huku, kimoja huku na kimoja huku.

Halafu mkono ukasimama katikati ya kazi yake. Aliyatazama mafungu yale mawili. Akavikusanya vidonge vyote kwa viganja viwili, akavisogeza upande wangu.

"Za Milembe hizi," akasema. "Zote."

Nikazipokea.