Vipande Sita vya Mnazi Mmoja

Alhamisi moja ya mwezi wa Septemba, mwaka 1976, Angelina alirejea kutoka Tanga, akaweka mzigo wake nyumbani Mchafukoge, na kabla hata ya kula akaenda Mnazi Mmoja kuangalia nyasi zake. Alikuwa amekaa Tanga wiki kumi, kwenye mafunzo aliyopelekwa na idara ya utafiti wa kilimo iliyomwajiri.

Nyasi hizo zilikuwa katika vipande sita, kila kimoja kikubwa kama mkeka wa kulalia watu wawili. Vilipandwa kwa makusudi juu ya njia ya mkato wanayopita watu wa Kariakoo waendao maofisini. Aina zilikuwa tatu, kila aina vipande viwili: ukoka wa kawaida, ukoka mwembamba uliochimbwa karibu na bahari, na nyasi za mbegu kutoka nje. Jaribio lilikuwa na swali moja tu: ni nyasi zipi zitakazovumilia zaidi kukanyagwa? Viwanja vingi vya shule jijini vilikuwa vumbi tupu, na watoto walirudi nyumbani magoti yamechunika.

Siku mbili baadaye, Jumamosi, watafiti na watunza viwanja wangefanya mkutano wao wa mwaka. Safari hii palikuwa na kitu cha kugombewa. Bandarini lilikuwa limefika kabati la msaada lenye sampuli mia mbili za nyasi zilizokaushwa, hadubini mbili, na vitabu vya kutambulia aina. Lingewekwa ama Dar es Salaam ama Morogoro, na wajumbe waliafikiana kwamba litapewa kituo chenye jaribio lililokamilika. Angelina alilitaka kabati lile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote cha kazi. Kila jani asilolijua ilimbidi alitie katika bahasha, alipeleke ng'ambo kwa posta, kisha angoje jibu miezi minne au mitano, na mara nyingine jibu lisije.

Taarifa yake ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Aliiandika kwa vipimo ambavyo Mzee Shaibu, mtunza uwanja, alimpelekea Tanga kila wiki kwa barua. Vipimo vilikuwa vizuri ajabu.

Alimkuta mzee huyo amesimama kando ya vipande, kanzu imefungwa kiunoni, ufagio wa chelewa mkononi.

"Shikamoo, Mzee Shaibu."

"Marahaba, Bibi Shamba. Umenenepa. Tanga wanakula."

"Nyasi zako zimenenepa kunishinda."

Mzee alicheka kwa furaha ya mtu aliyesifiwa kwa haki. Wakati huohuo mwanamke mmoja alikuja na beseni la mihogo kichwani, na alipokaribia vipande akakata kushoto, akavizunguka kwa mbali.

"Leo pia hapapitiki, Mzee Shaibu?" aliuliza bila kusimama.

"Pita kulekule, Tatu."

"Haya. Mimi nimezaa watoto sita, hakuna hata mmoja aliyelindwa hivi."

Nyuma yake walifuata makarani wawili, nao wakazunguka palepale. Angelina akatazama chini. Njia mpya ilikuwa imechimbika, imepinda kama mkono wa kikombe, na ile ya zamani, iliyopita juu ya vipande, ilikuwa imepotea.

"Mzee, wanazunguka tangu lini?"

"Tangu wiki uliyoondoka. Usiwe na wasiwasi. Asubuhi nipo, jioni nipo, na wakati wa chakula namwachia Bushiri wa kahawa. Hajakanyaga hata mtoto."

Angelina alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya nyasi.

"Nilitaka wakanyage," alisema.

Mzee Shaibu alimtazama kama mtu anayengoja mzaha uishe. Mzaha ulipokosa kuisha, aliuegemeza ufagio kwenye mti, akaja kuchuchumaa karibu naye.

"Kitu cha serikali, kimepandwa kwa kamba na kupimwa kwa futi, kimewekewa kibao, halafu watu wakikanyage?"

"Ndiyo. Ndiyo maana tulikipanda njiani."

"Mimi nilidhani mmekosa mahali pengine."

Ijumaa ofisini, mwenzake Pius aliisikiliza habari hiyo, akafunga mlango. "Taarifa imechapwa," alisema. "Nyasi ni za kijani, kila mtu ataziona kwa macho yake. Nani atauliza watu walipita wapi?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa mwakani shule ishirini zitapanda nyasi hizo kwa neno langu."

"Na kabati litakwenda Morogoro."

"Najua, Pius."

Jumamosi Angelina alisimama mbele ya wajumbe arobaini. Aliiacha taarifa iliyochapwa ndani ya mkoba, akaeleza jinsi mambo yalivyokuwa. Ndugu Marcelino wa Morogoro aliomba nafasi. "Ndugu Mwenyekiti, hilo basi si jaribio, ni bustani." Ukumbi ukacheka. Mzee Shaibu, aliyealikwa na Angelina na kuketi safu ya nyuma, akainuka.

"Bustani ni yangu," alisema. "Huyu binti hana kosa."

"Kosa ni langu," alisema Angelina. "Nilimwachia futi na daftari, sikumweleza sababu. Nilifikiri kuzipanda njiani ni maelezo tosha."

Mwenyekiti, Ndugu Elieshi, aliandika kwa muda, kisha akaitisha kura. Kabati lilikwenda Morogoro kwa kura ishirini na nane. Ndugu Marcelino alikuja kumpa mkono, na hakurudia neno la bustani. Angelina alimwomba orodha ya sampuli, ili angalau ajue ni zipi atakazozifuata kwa basi. Akaahidiwa.

Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa Mnazi Mmoja na daftari jipya. Kibao kilikuwa kimeng'olewa. Mzee Shaibu alisimama mahali pa siku zote, akiwaashiria watu wapite katikati, nao wakizunguka kama walivyozoea.

"Tatu, pita hapa," aliita.

"Nikanyage mali ya serikali?" Tatu aliushika ukingo wa beseni. "Jana mgambo, leo mtego. Sipiti."

"Nakuambia pita."

"Tangulia wewe."

Mzee Shaibu aliufikiria mwaliko huo. Kisha akavua makubazi yake, akayashika mkononi, akavuka vipande vyote sita polepole, kwa ncha za vidole, kama anayepita mbele ya watu wanaoswali. Tatu akaangua kicheko, lakini akabaki alipo.

"Mzee," alisema Angelina, "wapitao huwa na viatu."

"Vya kukanyagia?"

"Vya kukanyagia."

Mzee Shaibu akaguna, akayarudisha makubazi miguuni, akageuka na kuanza kurudi, safari hii kwa kisigino. Tatu naye akaingia kutoka upande wake, wakapishana katikati ya nyasi. Angelina akaandika tarehe, na chini yake: siku ya kwanza, watu wawili.