Mguu wa Zamu

...na huyo anapumua, tena anapumua vizuri, kwa raha zake, kama mtu aliyeajiriwa kupumua, shhh inaingia, shhh inatoka, barakoa imemkaa puani barabara, mrija umepita shingoni ukashuka mkekani mpaka kwenye ile mashine ndogo ya kusukuma hewa, na mrija mwingine mwembamba umeunganishwa hapo ukitokea kwenye mashine kubwa ya oksijeni inayonguruma chini chini kando ya nguzo, na Tiresa yuko ubavuni pake, macho ameyafumba lakini usingizi hana, mguu wake wa kulia umeegemea muundi wa mumewe pale pale ulipozoea, tayari, maana kazi ya mguu huo ni moja tu, Uelese akikata pumzi usingizini, teke, naye atashtuka, atavuta hewa kwa kishindo, atasema "nini tena?" kisha atarudi kulala, hivyo ndivyo walivyoishi tangu binti yao Lanuola ni wa kunyonya, na sasa Lanuola ana mume huko Auckland... sasa mguu unasubiri na pumzi haikatiki, unasubiri tena, haikatiki, mwanamke mzima na heshima zake amelala mguu ameutega kama mtego wa panya, na panya wenyewe wamehama.

"Wifi," sauti ya Mareta inanong'ona kutoka ukingoni mwa nyumba yao isiyo na kuta, dada yake Uelese huyo, amekaa juu ya mawe na kofia yake nyeupe ya kanisani, anajipepea, "wifi, usijifanye umelala, nakujua, unakuja au huji?" na Tiresa anabana macho zaidi, Jumapili mchana kijiji kizima kimelala, watu wametoka kanisani, wamekula magimbi na palusami, yale majani yake yaliyopikwa kwa tui la nazi, na pweza mpaka mikanda imelegezwa, hata mbwa wamejinyoosha, ila Mareta ndiye hajui maana ya kupumzika, "basi la kwaya linaondoka kengele ikilia, mchungaji mwenyewe ameruhusu, tunalala bandarini, asubuhi tunapanda meli, nikikosa jibu lako kiti chako nampa Pelenise," ... Pelenise! Pelenise ambaye sauti yake ya pili hupotea katikati ya wimbo ikarudi na sauti ya tatu, Pelenise ndiye akafungue kanisa jipya la watu kisiwani Savai'i, si watalifunga siku hiyo hiyo, na ile sehemu ya katikati wimbo unaposhuka taratibu sauti ya pili inabaki peke yake, ile ni ya Tiresa, kila mtu anajua ni ya Tiresa, ameiimba jikoni wiki tatu hata kuku wameijua, lakini kulala ugenini, usiku huu na kesho na keshokutwa, mbali na huyu... shhh, shhh... hajawahi, hajalala mbali na muundi huu tangu lini, hakwenda hata kwenye arusi ya Lanuola, mtoto wake wa kumzaa, alisema miguu inamuuma, ndege zinamtisha, Auckland ni baridi, akasema kila kitu isipokuwa lile jambo lenyewe, kwamba akienda yeye nani atampiga baba yako teke, akaiona arusi kwenye simu, Lanuola na shela lake akitafuta kwa macho huku na huku kama aliyepoteza kitu, na Tiresa alilia chooni, bomba limefunguliwa ili Uelese asisikie, na ile bado inauma, mpaka leo ikimjia inauma vile vile.

Na ndiye Lanuola aliyekuja na mashine, Krismasi iliyopita, ameibeba mapajani kwenye ndege kama mtoto, akamburuta baba yake mpaka kwa daktari mjini Apia, daktari akamfunga nyaya usiku mzima, akasema baba huyu koo linajifunga usingizini, akairekebisha mashine ili hewa iwe inaliweka koo wazi, kisha akatazama namba zake akasema bado damu haipati ya kutosha, tuongezee oksijeni kidogo, usiku na hata akilala mchana, ndipo ikaja hii kubwa yenye magurudumu, na masharti yake, oo masharti, hakuna moto karibu, hakuna sigara, hata dawa ya mbu ya kuchoma marufuku, tanuri la mawe likahamishwa mpaka nyuma ya mshelisheli, na Uelese ambaye alikuwa akisokota tumbaku yake kwa jani kavu la mgomba kila jioni akaiacha bila neno, ila alinuna wiki nzima kama mtoto aliyenyang'anywa pipi... na lile la maji, Mungu wangu, hapa Tiresa anang'ata mdomo asicheke, nesi alisema kuna kijibakuli cha kuwekea maji ili hewa isikaushe koo, muweke maji safi kabisa, safi kuliko ya bomba, Uelese akasikiliza, akaitikia, akarudi nyumbani akawaza kiume, maji gani duniani ni safi kuliko yale ambayo Mungu mwenyewe ameyafungia ndani ya dafu, akapanda mnazi, kwa umri ule, akachagua dafu zuri, akalimimina, akalala akitabasamu hewa inanukia kama peremende, alipoamka sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye sharubu zake, mstari mmoja, na heshima zote, na mashine imenata kama imemwagiwa asali, "mama Lanuola," akapiga kelele, "mama Lanuola, njoo uone, wameniona mimi keki!" na nesi aliposimuliwa kwenye simu wakasikia anacheka mbali na simu, kumbe aliyoyataka yalikuwa maji yaliyochemshwa tu na kuchujwa.

"Wifi, jua linasogea," Mareta huyo tena, na Tiresa anavuta pumzi kama mtu aliye usingizini, mzito, wa kuigiza, na Mareta anacheka puani, "hata kuigiza hujui," ... lakini shhh, shhh, nguzo, mkeka, mkono wa Uelese juu ya tumbo unapanda unashuka, saa nyingine kupumua kwake kunampa hasira, ndiyo, hasira, maana zamani alikuwa akipumua kwa msaada wake yeye, ilikuwa mikoromo inapanda, inapanda, nyumba inatikisika, kisha kimya, kile kimya kibaya, nao mguu unajua kabla ya yeye kujua, hata akiwa ndotoni mguu unajua, teke, na pumzi inarudi, na kila iliporudi alisema moyoni asante, asante, hakuna aliyeona, hakuna aliyempa cheo, lakini alikuwa anamleta mtu duniani kila usiku mara nyingi kama uchungu wa kuzaa usioisha, na sasa kimashine kidogo mfano wa kopo la biskuti kinafanya yote hayo bila kujisifu, bila kuchoka, bila hata kuwa na mguu... Jumapili ile ya kwanza walinzi wa kijiji wanaosimamia mapumziko walikuja, Mzee Tanielu mbele na fimbo yake, wamesikia mngurumo, "nani anafyeka majani Jumapili? Nani? Faini katoni ya samaki wa kopo!" na Uelese akaamka, akakaa kitako na barakoa usoni na mrija unaning'inia, akasema "karibuni" kwa sauti kama ya mtu aliye ndani ya chungu, Mzee Tanielu akarudi kinyumenyume akamkanyaga mbwa, mbwa akalia, kijiji kikaamka, mchungaji akaitwa na kanga yake ya kulalia, wakamuuliza, je, mashine inayofanya kazi siku ya mapumziko ni dhambi au si dhambi, naye akasimama, akaitazama, akasikiliza shhh na shhh, akasema, "Mungu alipumzika siku ya saba, ndiyo, lakini sijasoma mahali kwamba aliacha kupumua," kesi ikaishia pale, wakaombwa wakae wanywe kakao, na mke wa mchungaji alipokuwa anaondoka akamshika Tiresa kiwiko akamnong'oneza, "hiyo inapatikana wapi, mama, maana huyu wangu..." na hakumaliza, akatazama tu juu mbinguni.

Basi mashine inafanya kazi, imekubaliwa na daktari, na mchungaji, na hata na sisimizi, kilichobaki ni nini, Tiresa anajiuliza, kwa nini hasemi ndiyo, Mareta anangoja, kiti kipo, gauni la kwaya limepigwa pasi linaning'inia pale, kwa nini ulimi ni mzito... si kwamba ataacha kupumua, hapana, hilo aliliogopa zamani, linalomtisha ni jingine, haya liseme, uko peke yako na macho umefumba, sema, ni kwamba atalala siku tatu salama salimini, ataamka anapiga miayo, ataweka maji mwenyewe yaliyochemshwa, atakula, atacheka na jirani, na Tiresa atarudi na kumkuta hana kasoro hata moja, na itajulikana, mguu si kitu, Tiresa hahitajiki, miaka yote ile ya kulala jicho moja na arusi ya mtoto, kumbe palihitajika kopo la biskuti... shhh... anataka kulia kidogo, ila palusami imekaa vizuri tumboni, ni vigumu kulia juu ya palusami, na upepo unaingia kutoka baharini, shhh, na inatoka, shhh, sauti ya pili inashuka taratibu inabaki peke yake, shhh, meli inaondoka, mguu umepanda meli peke yake, umekaa dirishani umevaa kofia nyeupe, mchungaji anapita anauliza tiketi ya mguu iko wapi, Pelenise anasema mimi ninayo, mimi ninayo, Lanuola yuko gatini na shela lake, anatafuta kwa macho huku na huku, anauona, anaupungia, mama umekuja, nimekuja, dafu limejaa bahari yote, tamu, shhh, sisimizi wanaimba sauti ya kwanza, shhh, sh...

Teke. Muundi wake, wa kwake yeye, umepigwa, Tiresa anashtuka, anavuta hewa kwa kishindo, anasema "nini tena?" na kusikia sauti yake ikisema hivyo, anafumbua macho, Uelese amelala ubavu anamtazama, barakoa usoni, macho yamejaa kicheko, "umekoroma," anasema kutoka ndani ya chungu chake, "nani, mimi?" "wewe, mama Lanuola," na Mareta kule ukingoni amejifunika uso na kofia anatetemeka, "wifi, nusura nimwite Mzee Tanielu, nilidhani kuna mtu anafyeka!" ... amelala? Amelala kweli, zamu yake, macho yote mawili, mguu umelegea huko, na nini kimetokea, hakuna kilichotokea, nguzo zipo, mashine inanguruma, huyu yuko hai anamcheka, "pumzi ilikatika?" anauliza haraka, "yangu au yako?" "yangu," "haikukatika, umekoroma tu kama boti," "sasa mbona umenipiga?" na Uelese anawaza, hewa inaingia, inatoka, "nalipiza," anasema, "miaka yote hiyo nilikuwa nangoja zamu yangu," na Tiresa anacheka, hataki lakini anacheka, tumbo na palusami vyote vinacheka, na mle ndani ya kicheko kuna kitu kinafunguka, kwamba huyu alikuwa macho akimsikiliza, mguu ameutega, huyu naye.

"Nenda Savai'i," Uelese anasema, "Pelenise ataliangusha kanisa la watu," na Tiresa, "maji utaweka gani?" "yaliyochemshwa," "si ya dafu?" "si ya dafu," "na umeme ukikatika?" "nitaamka, nitakaa, Mareta ameshasema mumewe atakuja kulala hapa," "kumbe mmeshapanga!" na Mareta anatazama kando, anajipepea, "tumepanga tangu Ijumaa," anasema, "aliyebaki kupangwa ni wewe," na Uelese ameshafumba macho, anajiweka sawa mkekani, Tiresa anadhani amemaliza, mara sauti inatoka tena, ya usingizi, karibu haisikiki kwa sababu ya hewa, "ila Jumatano urudi na huo mguu, hii mashine haina unyayo wa baridi, muundi umeshauzoea," kisha shhh, na shhh... na kengele haijalia, jua liko pale pale, mbwa hajageuka, gauni linaning'inia, na Mareta anauliza kwa mara ya mwisho, unakuja au huji, na Tiresa anasema bila kufumbua macho, "niamshe kengele ikilia," halafu anatafuta kwa mguu wake wa kulia, anaupata muundi, anauegemeza pale pale ulipozoea, hausubiri kitu, umekaa tu, na hewa inaingia, inatoka, anashindwa kujua ni ya nani.